Safari ya Mtawanya kwa Motokaa ya Mbio

Msomaji mpenzi, huenda umekwisha kuiona motokaa iitwayo Altezza, hata kama jina lake hulijui. Ni ile fupi, iliyokaa chini, yenye taa za nyuma za mviringo zing'aazo kama macho ya paka. Mara nyingi huisikia kwanza ndipo uione. Vijana wa mjini huipenda mno. Huikata springi ili ikae chini zaidi, huitoboa ekzosi ingurume, kisha hupita nayo usiku wa manane watu wamelala. Ndiyo maana wazee wengi wakiiona husema, "Hiyo ni gari ya wahuni," na mazungumzo huishia hapo.

Leo nataka kukuletea habari za Altezza moja isiyo ya mhuni. Ni ya mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mke na watoto watatu, akaaye Mtawanya, jirani na mji wa Kibiti, katika Mkoa wa Pwani. Nalisoma naye chuo cha ualimu. Yeye alikwenda kushika chaki, na mimi nikaishia kuandika vitabu vya parokia. Mwezi wa Juni mwaka 2025, shule zilipofungwa, alikuja Dar es Salaam na watoto wake wawili wakubwa kumtazama mama mkwe wake, na siku ya kurudi akanichukua nami nikakae kwake siku nne.

Tulitoka Mbagala kungali na ubaridi wa asubuhi. Njia yenyewe unaijua: Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, hata Kibiti; kutoka Dar es Salaam ni kadiri ya kilomita 140. Mpaka Vikindu hakuna raha yo yote, ni kusukumana na daladala na malori. Lakini ukiisha kupita Mkuranga nchi yafunguka. Kulia na kushoto ni minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo, na mbele ya nyumba akina mama wamepanga machungwa na mananasi juu ya vichanja. Barabara nayo yapanda na kushuka, yapinda kidogo huku na kidogo kule, kama mtu atembeaye bila haraka.

Nalikuwa nimejifunga mkanda barabara, nikingojea mbio. Mbio hazikuja. Kila tulipoona kibao cha 50, Mwalimu alishuka mpaka 50, akakaa hapo mpaka nyumba ya mwisho ya kijiji. Polisi wa tochi awepo asiwepo, kwake ilikuwa mamoja. Malori yalitupita. Noah iliyojaa abiria ilitupita, dereva wake akatutazama kwa huruma. Nikamwuliza, "Mwalimu, motokaa ya mbio ina faida gani ukienda nayo mwendo wa trekta?"

Akacheka. "Bwana Karani, ngoja tufike penye kona."

Kona ilipofika nikaelewa neno lake. Wewe msomaji umekwisha kupanda gari refu la abiria; likikata kona, watu wote wainamia upande mmoja kama maji katika debe. Hii haikuinama. Mwalimu aligeuza usukani kiasi cha upana wa kiganja, na pua ya motokaa ikaenda palepale alipopatazama. Watoto nyuma hata hawakuacha kumenya machungwa yao. Akashusha gia kwa mkono, na ile gia ikaingia kwa mwendo mfupi kama komeo lililopakwa mafuta. Injini ikaimba kidogo, tukapanda kilima. Nikatazama mshale: kilomita 60. Basi ndiyo raha yenyewe, nayo ilikuwapo katika kila kona na kila kilima mpaka Bungu, wala hatukuhitaji kumkimbiza mtu.

Siri yake si uchawi. Motokaa hii iko chini, kwa hiyo haipepesuki. Kila gurudumu lina springi yake na lafuata ardhi peke yake, na uzito umegawanywa karibu sawa mbele na nyuma. Tena magurudumu ya mbele yana kazi moja tu, kuongoza, na ya nyuma yana kazi moja, kusukuma. Katika motokaa ndogo nyingi tunazoziona siku hizi, kama IST na Vitz, magurudumu ya mbele yafanya kazi zote mbili. Si vibaya, na kwa watu wengi yatosha kabisa. Lakini mtu akiisha kuonja ile nyingine, mikono yake haisahau.

Altezza ilitolewa na kampuni ya Toyota huko Japani mwaka 1998. Mhandisi mkuu wake alikuwa Nobuaki Katayama, aliyetaka motokaa ya watu wa kawaida yenye milango minne, mtu aende nayo kazini na watoto, na bado dereva asichoke kuifurahia. Wajapani waliipa tuzo ya motokaa bora ya mwaka ule, na nchi za nje iliuzwa kwa jina la Lexus. Ziko za injini mbili, zote za lita 2: moja ina silinda nne, nguvu zake hufika farasi 210, na ya pili ina silinda sita na nguvu za farasi 160. Ya Mwalimu ni hii ya pili, iliyo mpole zaidi. Jina lenyewe ni neno la Kiitaliano, maana yake ni kimo, au utukufu kama wa watu wa kifalme. Kimo! Chombo ambacho mbuzi aweza kukitazama paa lake!

Waliacha kuiunda mwaka 2005, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imekwisha kupata miaka 20. Ndiyo sababu mwalimu aweza kuipata. Mtu aiagizaye mpya machoni kutoka Japani hukutana na ushuru wa uchakavu, ambao serikali huutoza motokaa kuukuu juu ya ushuru wa kawaida, na hapo wengi hurudi nyuma. Mwalimu aliinunua hapa hapa nchini kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama, kwa fedha ambazo zingenunua pikipiki tatu mpya. Aliziweka miaka minne: akiba ya mshahara, ufuta, na korosho za mikorosho aliyoachiwa na baba yake.

Usidhani kwamba motokaa nyepesi ni jambo geni katika nchi zetu. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, watu walitazamia magari makubwa yenye nguvu yatawale vumbi na matope. Lakini Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1954, tena mwaka 1957, na tena mwaka 1962. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mbio na watu wengine. Mtumba, kama tunavyosema. Baadaye alishinda mara mbili zaidi, mwaka 1974 na 1976, kwa Mitsubishi Lancer, motokaa ya umbo dogo ambayo jamaa ya watu watano yaweza kuingia. Watu wale walikwenda kasi kwa kuwa walikuwa katika mashindano. Sisi wengine njia yetu ina watoto wa shule.

Basi tulifika. Hapa nikuambie ukweli wa mambo, maana kuna watu watakaosoma habari hii na kuanza kuhesabu akiba yao. Kutoka lami hadi nyumbani kwa Mwalimu ni mwendo wa robo saa kwa miguu, na njia ni mchanga. Motokaa iliyokuwa ikipepea juu ya lami sasa ilianza kutambaa kama kinyonga. Mwalimu aliifuata alama ya magurudumu ya jana, tairi moja juu ya tuta la katikati, jingine juu ya ukingo wa majani, ili tumbo lisiguse chini. Alipoinunua ilikuwa na rimu pana na tairi nyembamba kama mkanda wa suruali. Akaziuza, akaweka rimu za inchi 16 na tairi nene. Fundi mmoja alimshauri aweke spesa ndefu juu ya springi, motokaa iinuke kama Land Cruiser. Akakataa, akaweka fupi tu. Alisema ukiinua sana, umenunua Altezza ukaifanya meza. Naona alisema kweli, ingawa nilisikia mawe mawili yakigonga bamba la chini kabla hatujaona mlango wa nyumba.

Mlangoni alisimama mkewe na mtoto mdogo kiunoni. Yeye ni muuguzi, na kazi yake iko Kibiti. Ni mtu wa maneno machache na daftari moja. Katika daftari lile kila shilingi ya nyumba ile imeandikwa: unga, ada, dawa, petroli. Jioni ile, baada ya wali na kambale wa Rufiji, nikamwuliza:

"Shemeji, motokaa hii uliikubali?"

"Sikuikubali, shemeji," akajibu bila kumwonea mumewe haya. "Nilitaka mabati ya jiko kwanza. Na kama ni gari, nilitaka IST. Iko juu kidogo, mafuta yake machache, spea zake ziko kila duka. Nilimwambia, Baba, wewe wanunua mchezo."

Mwalimu alitazama sahani yake.

"Lakini nilikuwa nimechoka na mshikaki," akaendelea. Nawe wajua mshikaki ni nini: baba mbele, mtoto katikati, mama nyuma amempakata mdogo, wote juu ya pikipiki moja, na lori likiwapita upepo wawasukuma. Miaka mitano walisafiri hivyo. Muuguzi huona mwisho wa mishikaki mingi. Hakutaka kutueleza zaidi, na watoto walikuwapo. "Kwa hiyo nikasema, cho chote chenye milango minne na mikanda. Akaleta hii."

Nikamwuliza ni lini moyo wake uligeuka. Akasema haukugeuka siku moja. Alijifunza kuendesha Kibiti, kwa gari la shule ya udereva lenye klachi nzito kama kinu. Siku ya kwanza aliposhika usukani wa Altezza alikuwa akienda kazini zamu ya alfajiri, peke yake, barabara tupu, ukungu juu ya mihogo. "Ilinitii," akasema. Ndilo neno lake. "Nyumbani watoto hawanitii, kazini wagonjwa hawanitii. Ile ilinitii." Tukacheka sote, hata Mwalimu.

Sasa ni yeye aiendeshaye zaidi. Asubuhi huwapitisha watoto shuleni, huenda zamu, na wakati wa kurudi huleta sukari, sabuni, na mara nyingine mama mjamzito aliyetoka kupimwa ambaye angepanda pikipiki. Buti lake si kubwa, lakini nimeona likimeza gunia la mkaa, nazi ishirini na baiskeli ya mtoto iliyofunguliwa gurudumu. Mafuta hununua lita kumi kumi. Kwa hesabu ya daftari, lita moja yawapeleka kilomita 9, au 10 wakienda kwa adabu. IST ingewapeleka mbali zaidi kwa lita hiyo hiyo, na shemeji hasahau kumkumbusha mumewe kila mwisho wa mwezi.

Siku ya tatu tulikwenda matembezi. Walisema twende tukautazame mto. Kutoka Kibiti hadi Ikwiriri njia ni nyoofu, nayo yateremka taratibu kuelekea bonde, na mikoroshomi-korosho, maana ni mingi mpaka ulimi wajikwaa, yaachia nafasi mashamba ya mpunga. Shemeji alishika usukani, Mwalimu pembeni, mimi nyuma na watoto. Watoto wana mchezo wao: mama akibadili gia lazima wasisikie mshtuko. Wakisikia, wapiga kelele "Umekosa!" na mama adaiwa peremende. Mpaka Ikwiriri alidaiwa moja tu, na hiyo aliibisha.

Mbele ya Ikwiriri ndipo lilipo Daraja la Mkapa, lenye urefu upatao mita 970, ambalo Rais Benjamin Mkapa alilifungua mwezi wa Agosti mwaka 2003. Tuliegesha mahali pa salama kabla ya daraja, tukashuka. Mto ulikuwa mpana na wa rangi ya chai ya maziwa. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza samaki alitusimulia zamani za kivuko cha Ndundu, jinsi mabasi ya kwenda Lindi na Mtwara yalivyongoja ng'ambo siku na siku mto ukifurika, watu wakipika na kulala chini ya magari. Kisha akaitazama Altezza, akauliza, "Na hii ingevuka?" Mwalimu akajibu, "Ingevuka, mzee, kama ingepata watu wanne wa kuibeba."

Mto bado una nguvu zake. Aprili 2024 ulifurika ukameza mashamba ya Rufiji na Kibiti, na Mei mwaka ule ule, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilikatika upande wa Somanga. Lami si ahadi ya milele.

Jambo ninalotaka kukueleza zaidi lilitokea tukirudi. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, giza halijawa giza kamili. Ni ile saa ambayo kila kitu kina rangi ya majivu. Tulikuwa tumekwisha kuingia penye nyumba, na shemeji alikuwa kwenye 50. Ghafula kutoka kichochoro cha kushoto ikatokea pikipiki bila taa, yenye watu wanne: kijana dereva, mama, na watoto wawili katikati yao. Haikusimama. Iliingia barabarani mbele yetu kama kuku.

Sikusikia kelele. Nalisikia breki, nikaona mikono ya shemeji ikienda kulia, kisha ikirudi kushoto, yote kwa muda wa pumzi moja. Motokaa ilipita nyuma ya pikipiki ile, ikarudi katika njia yake, ikasimama kando. Haikuyumba wala haikuserereka. Mfuko wa samaki uliruka kutoka mapajani mwangu ukaangukia miguu ya Mwalimu. Watoto walikuwa wamefungwa mikanda, nao walikaa kimya wakimtazama mama yao.

Akazima injini. Akashuka, akaenda mpaka kwa yule kijana, ambaye naye alikuwa amesimama, miguu yamtetemeka. Tulidhani atamkaripia. Alisema kwa sauti ndogo tu, "Mwanangu, umebeba watoto wa watu. Taa iko wapi?" Kijana akasema taa iliungua juzi. Shemeji akamtazama yule mama na watoto wake wawili kwa kitambo, nadhani akijiona mwenyewe pale, miaka iliyopita. Kisha akamwambia yule mama apande kwetu na watoto, nyumbani kwao hapakuwa mbali. Nikashuka kuwapisha. Nilitembea na Mwalimu nyuma yao gizani, na kijana akiisukuma pikipiki yake kando yetu, hakuna aliyesema neno.

Njiani Mwalimu akanishika mkono. "Karani," akasema, "unadhani ingekuwa 90?" Sikumjibu, wala hakungojea jibu.

Nimelifikiri sana swali lile. Hakuna usukani mwepesi wala breki nzuri iwezayo kumwokoa mtu ajaye kasi mno. Lakini kwa mwendo wa 50, mama yule alikuwa na nafasi ya kuchagua, na motokaa ilikuwa na wepesi wa kumfuata alipochagua. Gari refu, zito, lililojaa abiria mpaka mlangoni, sijui lingefanyaje. Nilipokuwa Mbagala nalidhani wepesi ni mchezo wa dereva tu. Watu wanne wa Kibiti wako hai kwa sehemu kwa sababu yake.

Je, nakushauri ununue? Kama nyumba yako iko mbali na lami, hapana. Wakati wa masika Mwalimu mwenyewe huiacha motokaa kwa jirani aishiye kando ya barabara, na jamaa nzima huenda kwa miguu, viatu mkononi, kwa muda wa wiki kadhaa. Nao wakaao delta, Mbwera na Salale na visiwa vile vya mikoko, hawana habari ya motokaa za aina yo yote. Gari lao ni mashua kutoka Nyamisati, na ufundi wao wa kukata kona ni katika mikondo ya maji. Kama watoto wako ni wanne au watano, nunua kitu kirefu. Kama fundi wa kwenu ajua Corolla tu, nunua Corolla. Lakini kama una njia ya kufika, na mtu wa nyumbani mwenye daftari kali, usiogope jina la wahuni.

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilimkuta shemeji amechuchumaa nyuma ya motokaa, akipima meno ya tairi kwa ukucha wa kidole gumba. Ya nyuma yamekwisha kulika, maana ndiyo yasukumayo. Akaingia ndani akatoka na daftari, akaandika akiwa amesimama: tairi mbili za nyuma, mwezi wa Novemba, baada ya malipo ya kwanza ya korosho. Juu yake palikuwa pameandikwa ada ya mtoto wa kwanza, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, mabati ya jiko.